Safari ya Chake Chake Pamoja na Mpiga Picha

Wanachama wengi waliomwona yule kijana mwenye kamera mbili shingoni katika msimu uliopita wameniuliza ni nani, nani kamleta, na picha alizozipiga zimekwenda wapi. Baadhi yao wameuliza kwa upole, na baadhi wamesema barazani, kwa sauti ya kusikiwa, kwamba Katibu ameleta mpelelezi. Nimeona ni heri niwajibu wote kwa pamoja katika ukurasa huu, na njia iliyo nyepesi ni kuieleza ile Jumamosi tuliyokwenda Chake Chake kwa gari la abiria, kwani maneno yote yaliyosemwa yalizaliwa siku hiyo.

Kijana huyo ni mpiga picha wa mjini Unguja, na kazi inayomlisha khasa ni harusi. Kamati ilimwita atupigie picha kumi na mbili za kalenda ya chama. Alifikia kwangu Wete, akalala siku tatu. Siku mbili za mwanzo nilimzungusha mashambani, akapiga mikarafuu mpaka nikadhani hakuna jani lililobaki bila ya picha: wachumaji wakiwa matawini, wanawake wakichambua karafuu na kuzitenga na makonyo, pishi ikijazwa na kupigwa wima. Usiku wa pili, tukiwa tunakunywa kahawa, akaniambia, "Bwana Katibu, hizi picha ni nzuri, lakini karafuu haiishi mtini. Nipeleke kwenye mji wenye soko la tangu zamani, nikapige watu na majengo." Nikamwambia mji huo upo, nao ni Chake Chake, na nauli yake si ya kumtisha mtu.

Mimi nami, sifichi, nilikuwa na haja yangu. Nilitaka picha ya mizani na magunia ya karafuu safi, ipate kuwekwa katika mwezi wa kwanza wa kalenda. Basi yeye alikwenda kwa sababu ya ngome, na mimi kwa sababu ya magunia.

Tuliondoka Wete saa moja na nusu asubuhi kwa gari la nambari 606. Wenye kuijua njia ya zamani hawahitaji kuelezwa: vilima, mabonde, mashamba ya mpunga chini na mikarafuu juu, na kona baada ya kona. Mgeni wetu alimwomba utingo kiti cha mbele, utingo akamwambia kiti cha mbele kina bibi mwenye kuku watatu, na kuku wamekwisha kulipiwa. Akakaa nyuma pamoja nami, magoti yakigusa kidevu. Katika mwendo wa nusu saa hakuinua kamera hata mara moja. Nilimwuliza kama gari linamtikisa. Akasema, "La. Bado sijaona, naangalia tu." Jawabu hilo sikulifahamu wakati ule.

Kwanza ilikuja harufu. Abiria wote waliinua vichwa, kama watu walioitwa jina. Kisha dereva akapunguza mwendo, nikaona mbele yetu nusu nzima ya barabara imefunikwa karafuu, zimetandazwa juu ya lami urefu wa kama hatua arubaini, na ukingoni kumepangwa mawe makubwa ili magari yapite upande wa pili. Dereva alijitahidi kuzikwepa, lakini kwa mbele lilikuwa likija gari la ng'ombe, na gurudumu letu la kushoto likapanda ukingo wa zile karafuu. Sauti yake kila mkulima anaijua, kama mtu anayetafuna bisi. Abiria mmoja akataka kuteremka pale pale, gari likasimama, na kabla sijasema neno mpiga picha wetu amekwisha kuruka chini.

Alipiga picha tatu au nne akiwa amechutama, kamera karibu igusane na lami. Ndipo mwenye karafuu alipotoka kivulini na fimbo yake. Nilimtambua, naye alinitambua. Ni mzee wetu, mwanachama wa tawi lile tangu chama kilipoanza, na jina lake silitaji, kwa sababu itakayoonekana baadaye.

"Shikamoo, mzee wangu," nikasema.

"Marahaba, Bwana Katibu. Huyu anampiga nani, na anampeleka wapi?"

Nilimweleza kwamba ni kwa kalenda ya chama. Akacheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu asiyefurahi. Akasema, "Si wewe uliyetuandikia katika gazeti kwamba mwenye kuanika karafuu njiani ni adui wa wenzake? Basi andika na jina langu. Lakini chini yake uandike pia, sakafu iko wapi?"

Abiria wote walikuwa wakisikiliza, na bibi wa kuku alikuwa amefungua dirisha.

Ndugu wanachama, ni kweli niliandika. Wala sirudi nyuma katika niliyoyaandika. Karafuu ya lami huingia mchanga na mavumbi, hupata mafuta ya magari, hukanyagwa na mbuzi na magurudumu mpaka vichwa vikakatika, na ikifika kituoni huwekwa katika daraja la chini, na kila gunia la namna hiyo hulitia doa jina la karafuu yetu sote. Mwenye kuitazama karafuu iliyoanikwa vyema juu ya jamvi au sakafu safi huiona mara moja: rangi ya kahawia yenye mng'ao, kichwa kizima, na ukiivunja huvunjika kwa sauti.

Lakini ni kweli pia yale aliyoyasema mzee. Karafuu mbichi haingoji. Ukichuma leo, na usiku huu mkachambua, kesho lazima ipate jua. Ukiiacha katika rundo itavuta joto, itasinyaa na kugeuka nyeupe, na hiyo ndiyo mpeta, ambayo hakuna atakayekupa kwayo bei ya haja. Ratili tatu za mbichi hutoa kama ratili moja ya kavu, basi hesabu mwenyewe uwanja unaotakiwa na mtu mwenye miti mia. Uwanja wa mzee huyu ni mteremko wa udongo mwekundu ulioingiliwa na mizizi. Mvua ya ghafla ikija, maji yote hupita hapo hapo. Lami ni tambarare, hupata moto tangu saa mbili, na haina tope.

Na sakafu iko wapi? Misimu miwili iliyopita wanachama wa tawi lile walichanga fedha za kujenga sakafu ya pamoja ya kuanikia. Saruji ilinunuliwa, mifuko kumi na minane. Mahali palipochaguliwa pakazuka madai baina ya jamaa wawili, kila mmoja akasema ni haki yake, kamati ikasema tungoje wapatane. Tukangoja. Saruji ikakaa ghalani masika mawili, na saruji haijui kungoja: imeganda mifuko yote isipokuwa michache, na ufunguo wa ghala hiyo ninaoushika ni mimi. Nilijua tangu mwaka jana. Sikuitaja katika taarifa ya mwaka kwa kuwa nilitaraji kwamba jamaa wale watasuluhishwa kwanza, nipate kuzitoa khabari mbaya na njema kwa pamoja.

Sikuwa na la kumjibu pale barabarani. Dereva akapiga honi. Mpiga picha aliigeuza kamera yake, akamwonyesha mzee kile kioo cha nyuma. Mzee akaangalia muda mrefu, akasema, "Mbona mawe yanaonekana makubwa kuliko mimi?" Kisha akatuambia twende, gari lisije likachelewesha watu wa soko.

Mpaka Chake Chake sikusema kitu, na mwenzangu alikuwa na adabu ya kutonisemesha.

Mji wa Chake Chake umekaa mgongoni mwa kilima, na upande wake wa magharibi umeingia mkono wa bahari. Zamani vyombo vilikuwa vikiufuata mkono huo mpaka karibu na mji. Siku hizi tope na mikoko vimeuziba, na bandari yake ni Wesha. Anayeshuka stendi akatazama huku na huku huona kwanza maduka, magari na nyaya za umeme, na mgeni wetu alinuna kidogo, kwani alitaraji mji wa kale uwe umekaa peke yake ukimngojea. Nilimpeleka ngomeni.

Ngome ile ni kipande tu cha ile iliyokuwapo. Sehemu yake kubwa ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 ili pajengwe hospitali, na kilichobaki sasa ni makumbusho. Wapo wasemao misingi yake ni ya Wareno, lakini jengo tunaloliona ni la zama za Waarabu. Mazrui wa Mombasa ndio waliokuwa wakiitawala Pemba, mpaka majeshi ya Sayyid Said yalipowatoa mwanzoni mwa miaka ya 1820. Wakati huo mikarafuu ilikuwa bado ni michache visiwani, na Pemba ilijulikana zaidi kwa mpunga. Kilichougeuza mji huu kuwa mji wa karafuu ni upepo: kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mashamba ya Pemba yakasalimika kwa wingi. Tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichochukua mzigo mkubwa wa zao hili, na Chake Chake ikawa mji ambao mkulima anashuka na karafuu na kurudi na nguo, mafuta ya taa na madeni.

Madeni hayo wazee wetu hawakuyasahau. Kwa ajili yake kiliundwa chama cha kwanza kikubwa cha wakulima wa karafuu cha zama za Waingereza, kilichopewa nguvu za sheria mwaka 1934, na kwa ajili ya sheria za kununulia karafuu wafanya biashara wa Kihindi waligoma mwaka 1937, mgomo ambao ulifika mpaka India kwenyewe. Tangu mwaka 1968 biashara ya karafuu imo mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa. Nilimweleza mgeni wetu yote hayo mbele ya lango la ngome, naye alikuwa akitikisa kichwa huku akiangalia kivuli. Alisimama pale dakika arubaini akingoja kivuli cha mti kiuachilie ukuta. Mlinzi mmoja alimwuliza kama ana mgonjwa.

Nilijifunza jambo hapo. Picha ya ngome aliyoipiga ni moja tu, nayo haina waya hata mmoja ndani yake, wala gari, wala kibao. Nilipomwuliza ameviondoaje, akasema hakuviondoa, alisogea hatua tatu na akangoja. Sijui kwa nini nilikumbuka saruji.

Sokoni mambo yalikuwa mengine. Soko la Chake Chake saa nne ya asubuhi si mahali pa mtu kungojea kivuli. Pweza walikuwa wakining'inia, changu wamepangwa juu ya meza, muhogo, ndizi, ndimu katika mapakacha, na kila mmoja ana la kusema. Mwanamke wa kwanza aliyeinuliwa kamera akajifunika uso na buibui, wa pili akataka fedha, wa tatu akamwuliza, "Mwaka juzi alikuja mwenzako akanipiga, akasema ataniletea. Iko wapi?" Mpiga picha akasema hamjui mtu huyo. Yule mama akajibu, "Nyote nyuso zenu zimo nyuma ya kitu hicho, nitakujueni vipi?" Soko likacheka, na mimi kwa mara ya pili siku ile nikasikia mtu akiulizwa kitu kilichoahidiwa kiko wapi.

Hapo ndipo alipofanya jambo nililolipenda. Aliitia kamera mkobani, akanunua ndimu, akakaa juu ya kreti tupu karibu na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akishona jamvi. Wakazungumza. Alimwuliza kazi yake mwanzo mpaka mwisho, naye akamweleza: miyaa hukatwa, huanikwa, huchanwa, husukwa ukili mrefu, kisha ukili huungwa kwa kushonwa mpaka jamvi litimie. Jamvi la kuanikia karafuu, ukili ukiwa tayari, humchukua siku nne za kushona. Zamani, alisema, ukikaribia msimu wakulima walikuwa wakimpa fedha kabla hajaanza kusuka. Siku hizi wengi hununua turubali za nailoni.

"Turubali haipumui," akasema. "Karafuu inatoka jasho chini yake kama mtu mwenye homa. Lakini ni rahisi, na watu wanataka rahisi."

Kisha yeye mwenyewe akamwambia, "Basi si utoe hiyo kamera yako? Piga mikono. Uso niachie mwenyewe." Picha ya mikono hiyo ndiyo iliyo katika mwezi wa tano wa kalenda, na wote walioiona ofisini wamesema ndiyo bora katika kumi na mbili.

Nikiwa nimesimama pale nilikuwa nikifanya hesabu kwa vidole. Mifuko kumi na minane ya saruji kwa bei tuliyoinunulia, pamoja na gari la kuichukua, ingetosha kununua majamvi ya kuwaanikia watu wa tawi zima, na yasingegombewa kiwanja na mtu yeyote. Sisemi kwamba sakafu ni fikira mbaya. Sakafu hudumu, jamvi huchakaa. Lakini mwaka jana na mwaka huu tumekosa vyote viwili, na karafuu zimeendelea kuchumwa.

Nilinunua majamvi mawili kwa fedha zangu. Mama akanipunguzia kidogo, kisha akalipiza kwa kunikumbusha kwamba majamvi hayanyeshewi.

Picha ya magunia na mizani sikuipata. Siku ile ilikuwa Jumamosi, na tulipofika kituoni kazi ilikuwa imekwisha kufungwa. Tulipita tukala wali kwa samaki, tukasali adhuhuri, na saa tisa tukapanda gari la kurudi, majamvi yakiwa juu ya kibanda yamefungwa kamba. Mara hii mgeni wetu alipewa kiti cha mbele. Akalala.

Tulipofika pale pa asubuhi, barabara ilikuwa tupu. Karafuu zilikuwa zimekwisha kuzolewa kabla ya umande, mawe yamesogezwa kando, na juu ya lami limebaki doa refu la kahawia. Nilimwomba dereva asimame. Nikateremsha majamvi, nikambishia mzee hodi.

Alinikaribisha, akayapapasa majamvi, akayageuza, akatazama mshono kama mtu ajuaye. Akaniuliza, "Ni ya chama?" Nikasema la, ni yangu, nakupa. Akayakunja akanirudishia. "Sitaki ya kwako," akasema. "Nikiyachukua, kesho nikisimama mkutanoni kuuliza ya saruji, utaniangalia, na mimi nitainama. Yaandike kwenye daftari la chama kuwa ni azima, tarehe na sahihi, niyarudishe msimu ukiisha."

Daftari sikuwa nalo. Aliniletea karatasi ya shule ya mjukuu wake, tukaandikiana hapo hapo, yeye akatia sahihi na mimi nikatia yangu, na dereva kule nje akipiga honi. Karatasi hiyo imo katika jalada la ofisi na kila mwanachama ana haki ya kuiona.

Halafu nikamwuliza khabari ya picha ya asubuhi, kama anataka ifutwe. Akafikiri. Akasema isifutwe, na ichapishwe, ila uso wake usiwemo wala nyumba yake, kwani wanawe walioko Unguja wataona haya. Mawe yawemo.

Hiyo ndiyo picha iliyo juu ya ukurasa huu. Mpiga picha aliikata mwenyewe usiku ule kwangu, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Baadhi ya wajumbe wa kamati hawakupendezwa, wakasema gazeti la chama si mahali pa kuonyesha aibu zetu kwa wanunuzi. Nimeyasikia maneno yao na nimeyaandika katika kumbukumbu za kikao. Taarifa ya saruji, mifuko iliyoharibika na iliyosalimika, pamoja na risiti zake, itasomwa mbele ya wanachama wote katika mkutano ujao, nami nitaisoma mwenyewe. Wale jamaa wawili wa kiwanja wameombwa wahudhurie.

Kalenda ziko ofisini na kila mwanachama atapata moja bila ya malipo, za ziada zitauzwa. Walio katika picha watapewa nakala zao, na wasioweza kufika wamtume mtu mwenye barua. Nakala mbili za mama wa majamvi zimekwenda Chake Chake Alkhamisi iliyopita kwa mkono wa utingo wa 606, pamoja na moja ya yule mama aliyedai ya mwaka juzi, ambaye mpiga picha alimpiga kabla hatujaondoka, kwa idhini yake, akiwa amekunja mikono na hacheki.